Kubeba kamera kwa baiskeli Mtwara na Lindi: isivunjike, isionekane

Wiki haipiti bila kijana kunisimamisha njiani. Anaitazama baiskeli, anatazama kapu lililofungwa kwenye keria, anatazama mgongo wangu, kisha anauliza: "Sasa kaka, kamera yenyewe iko wapi?" Nikimjibu analeta la pili: haitikisiki? Halafu la tatu: huogopi kuibiwa? Maswali ni yale yale, na mimi wakati huo niko juani na mteja ananisubiri Naliendele. Nimeyaandika yote hapa, ukinikuta barabarani tusalimiane tu.

Napiga picha za harusi, maulidi, mahafali na picha za familia vijijini. Nauli ya boda kwenda na kurudi inameza nusu ya malipo ya kazi ndogo, ndiyo maana natumia baiskeli ya Phoenix. Nimeenda nayo Mikindani mara zisizohesabika, nimefika Msimbati, na nikiwa upande wa Lindi hukodi ya huko huko.

Wanaoanza karibu wote hujiandaa kwa mwizi. Mimi kamera sijawahi kuibiwa. Barabara ndiyo iliyonitia hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua begi zuri la kamera, zito, lina sponji kila upande, nikalifunga kwenye keria vizuri kabisa na kwenda nalo Msimbati. Kufika, nikainua kamera, nikasikia "kacha kacha" kama njugu kwenye kopo. Skrubu mbili ndogo zilikuwa zimefunguka zenyewe ndani ya lenzi na zinazunguka humo, pete ya mbele inacheza. Fundi niliyempelekea Dar aliitazama, akaniuliza kama nimeifunga kwenye trekta.

Tangu siku ile nina kanuni moja: kamera inabebwa na mwili, vingine vyote vinabebwa na baiskeli. Na ukitazamwa kwa mbali, uonekane mtu anayetoka shamba.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Begi la mgongoni la kawaida, lenye mikanda mipana na mkanda wa kufunga kifuani. La shule kutoka mitumbani linatosha. Likiwa limepauka, bora zaidi.
- Sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 3 hadi 5. Waombe mafundi makochi mabaki. Kwa kawaida hawakulipishi zaidi ya hela ya soda.
- Kipande cha kitenge cha zamani, na fundi cherehani wa kukishona.
- Nailoni nzito, ile inayokatwa kwa mita. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, na hata zilipokuwepo hazikufaa kwa kazi hii.
- Mipira miwili ya kufungia mzigo iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kila mmoja mita moja na nusu hivi.
- Salfeti safi ya mchele au sukari, au kapu la ukili.
- Brashi mpya ya rangi ya inchi moja, laini, ambayo haijawahi kugusa rangi.
- Kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto mchanga. Kinauzwa duka la dawa. Wewe utakitumia kupulizia vumbi, na kinafanya kazi sawa na vile vya bei kubwa vinavyouzwa kwa wapiga picha.
- Pakiti za silika jeli, zile zinazokaa kwenye maboksi ya viatu. Usizitupe tena.
- Pampu, viraka na solusheni.

Huhitaji begi maalumu la kamera. Ukiwa nalo, liache nyumbani liwe kabati.

Hatua ya 1: Punguza

Tandika kila unachotaka kubeba juu ya mkeka. Kisha ondoa theluthi. Bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi mbili, betri mbili, memori kadi, kitambaa. Flashi ikiwa kazi ni ya usiku. Mzigo wa mgongoni ukipita kilo nne, ukifika kilomita ya kumi na tano mabega yanaanza kukugeuza, unainama upande mmoja, na hapo ndipo watu huanguka.

Hatua ya 2: Tengeneza kiota

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiparuke.

Pima ndani ya begi lako, kisha kata sponji ya chini, mbili za ubavuni, moja ya mbele na moja ya nyuma. Sponji hukatika vizuri kwa kisu kirefu chenye meno, kile cha mkate, ukikivuta taratibu bila kukandamiza. Ukikandamiza, sponji inajikunja na ukingo unatoka kama umeng'atwa na panya. Usiwe na wasiwasi, changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo.

Kata vipande vingine viwili vya kugawa nafasi ya ndani. Mpe fundi cherehani avivalishe vyote kitenge. Hii haifanywi kwa urembo. Sponji ya godoro ikisuguliwa hutoa unga wa njano, na unga huo ukiingia kwenye lenzi utaulaumu mchanga wa Msimbati bure.

Sasa panga:

1. Ondoa lenzi kwenye bodi. Lenzi nzito ikibaki imening'inia kwenye bodi, kila tuta linavuta shingo ya kamera. Lenzi ndogo nyepesi unaweza kuiacha.
2. Funika bodi kwa kifuniko chake, lenzi kwa vifuniko vyake vyote viwili, mbele na nyuma.
3. Zumu irudishe iwe fupi kabisa. Kama ina kitufe cha kuifunga, ifunge.
4. Simamisha lenzi wima, kioo cha mbele kikitazama juu, kila moja kwenye chumba chake. Chuma kisiguse chuma.
5. Weka taulo ndogo iliyokunjwa upande unaogusa mgongo wako.

Jaribio: funga zipu, geuza begi juu chini, litikise kwa nguvu ukiwa umeliinamia kwa sikio. Usisikie kitu. Ukisikia hata "tik" moja, fungua upange upya. Sauti hiyo moja uwanjani ni sawa na mara elfu njiani.

Angalizo: betri za ziada zisikae huru pamoja na funguo au sarafu. Vyuma vikigusana na ncha za betri vinaleta shoti, na betri za lithiamu zikipata shoti huweza kuwaka moto. Kila moja iwe na kifuniko chake au ifungwe kitambaa.

Hatua ya 3: Vaa begi linavyopaswa

Keria imekazwa kwa nati moja kwa moja kwenye fremu. Kati yake na jiwe hakuna springi yoyote zaidi ya upepo wa tairi. Wewe una magoti, kiuno na viwiko, na vyote vinameza mshtuko. Nadharia inaishia hapo.

Kaza mikanda begi likae katikati ya mgongo, lisilalie matakoni. Funga mkanda wa kifuani. Ruka mara tatu ukiwa umesimama chini: begi likicheza, kaza tena.

Kitu kigumu na kirefu usikiweke sambamba na uti wa mgongo. Tripodi hasa. Ukianguka chali, tripodi haitavunjika. Utavunjika wewe.

Wako wanaopenda kuning'iniza kamera kifuani ili wawahi kupiga. Kwenye lami, mwendo mfupi, sawa, ila ongeza kamba ya pili ya kuizungusha kiunoni isiyumbe. Ukisimama kwenye pedeli kupandisha mlima kama wa Mtanda pale Lindi, kamera inabembea na kugonga usukani. Mimi nimeacha. Tena inaonekana na dunia nzima.

Hatua ya 4: Funga keria

Keria ni ya tripodi, chaja, maji, nguo za kubadilisha na vifaa vya pancha. Laza tripodi kwa urefu wa baiskeli, isikae kwa upana, la sivyo utawakwangua waenda kwa miguu. Pitisha mpira wa kwanza chini ya keria, uvuke juu kwa mtindo wa msalaba, urudi chini. Mpira wa pili uzungushe mzigo wote. Funga fundo ambalo unaweza kulifungua kwa mkono mmoja.

Angalizo: ncha za mipira zisining'inie hata kidogo. Ncha moja ikiingia kwenye spoku, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo. Chomeka kila ncha ndani ya mzunguko wake. Ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, hata kwa watu waliozaliwa juu ya baiskeli.

Hatua ya 5: Ifiche

Mwizi wa njiani hafungui kila begi. Anachagua kwa macho, na macho yanavutwa na mambo machache: begi jeusi la mraba lenye jina la kampuni, mkanda wenye maandishi makubwa ya Nikon au Canon, miguu ya tripodi inayong'aa, na mtu anayegusa begi lake kila dakika mbili. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Ukiwa na wasiwasi, mkono wako unamwonyesha mahali pa kutazama.

Fanya hivi:

1. Mkanda uliokuja na kamera uvue. Weka wa kawaida usio na jina, au geuza ule ule ndani nje.
2. Begi la mgongoni livalishe salfeti. Fundi cherehani anaikata na kuishona kama gunia la kuvaa, mikanda inatokea kwenye matundu. Tumia salfeti ya mchele au sukari. Ya saruji inabaki na unga hata ukiifua mara kumi, na ya salfa ya mikorosho usiilete karibu kabisa, nitaeleza.
3. Tripodi izungushie kipande cha mkeka au gunia. Inageuka mpini wa jembe.
4. Juu ya keria weka kapu la ukili lenye kitu cha kawaida. Mimi huweka kisamvu.

Kisamvu hicho kina kisa. Nilisimama Mikindani, karibu na ufukwe, nakunywa maji ya dafu. Bibi mmoja akaja taratibu na fimbo yake, akachungulia kapu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kisamvu hiki fungu shilingi ngapi?"

"Hakiuzwi, bibi. Nakipeleka nyumbani."

"Nyumbani wapi, nawe umeelekea huko?" Akanionyesha barabara ya Lindi.

Nilimwachia lile kapu la kisamvu bure, nikafunga koti la mvua mahali pake. Mgongoni nilikuwa na vifaa vya karibu milioni mbili na nusu, na hakuliuliza begi hata kidogo.

5. Memori kadi za kazi iliyokwisha zisikae na kamera. Ziweke kwenye mfuko wa suruali wenye zipu. Kamera ikienda, utanunua nyingine siku moja. Harusi ya watu hairudiwi.

6. Andika namba za bodi na lenzi zako, piga picha ya risiti, tuma zote kwa mtu unayemwamini. Siku ya kwenda polisi ndipo utakapozitafuta.

Hatua ya 6: Vumbi, maji, chumvi na salfa

Kata nailoni ya kutosha kufunika begi zima na kubaki ya kukunja. Kiangazi itumie ndani, ukizungushia kiota, maana vumbi hupenya kwenye zipu. Masika, ambayo huku kwetu ni kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei hivi, itumie nje pia. Madigadi ya nyuma nayo yawepo. Bila hayo, tope lote la gurudumu linapanda mgongoni kwa mstari mmoja hadi kisogoni.

Pwani kuna chumvi hewani. Upepo wa kusi ukivuma, ukikaa nusu saa Shangani, Mtwara, ufukweni ulimi wako utaonja. Kamera ikitoka hapo ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, siku hiyo hiyo.

Sasa salfa. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi wakulima wanapulizia mikorosho unga wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na ndiyo saa hiyo hiyo wewe unatoka kuwahi mwanga mzuri. Ukiona ukungu wa njano kati ya mikorosho na kusikia mashine inanguruma, usipite katikati yake na begi wazi. Simama mbali, subiri ukungu utue au zunguka njia nyingine. Salfa ni unga laini kuliko vumbi la barabara, na ikikutana na unyevu inakula vyuma, hasa zile ncha za shaba zinazounganisha lenzi na bodi. Mfuko uliowahi kubeba salfa, hata ukiwa umefuliwa, usiweke kamera.

Hatua ya 7: Endesha

Tairi zisijazwe hadi ziwe jiwe. Bonyeza kwa kidole gumba: iingie kidogo, isiwe kama chapati wala kama kigae. Ukizidi kuilegeza, rimu inagonga mawe na tyubu inatoboka matundu mawili mawili.

Kwenye lami usijisahau. Matuta na rasta ni mabaya kuliko vumbi kwa sababu yanakukuta una mwendo. Ukiyaona, punguza, simama kwenye pedeli, kunja magoti na viwiko kidogo, baiskeli ipite chini yako. Barabara ya rafu yenye mawimbi, tafuta ukingo ambao waenda kwa miguu wameulainisha. Wao wanajua.

Kwenye mchanga mlaini kama wa Msimbati, shuka usukume. Hakuna ushujaa hapo. Karibu maanguko yangu yote yametokea mwendo wa kobe, gurudumu la mbele likizama mchangani, nikalala ubavu.

Magari makubwa ya korosho na mabasi ya barabara ya Mnazi Mmoja, Lindi, hayakungoji. Ukisikia honi nyuma, toka nje ya lami mapema, taratibu.

Hatua ya 8: Kutoa kamera

Usitoe kamera katikati ya watu usiowajua ukiwa bado umepanda baiskeli. Shuka, piga stendi, salimia. Salamu zimeniokoa kuliko kufuli. Ukiwa kijijini, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, sema wewe ni nani na umekuja kwa kazi ya nani. Ukishajulikana, macho ya kijiji kizima yanakulindia baiskeli.

Kuna mahali kamera inabaki begini hata mwanga uwe mzuri namna gani: bandarini, uwanja wa ndege, kambi za jeshi, na mitambo ya gesi kama ile ya Madimba, ambayo iko njiani kuelekea Msimbati. Bila kibali, usisimame hata kunywa maji ukiwa umeshika kamera. Na unapoingia hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi kuna ada, ulizia kabisa getini na mambo ya picha.

Jando na unyago ni habari nyingine. Ngoma ya nje, siku ya kuwatoa wari (vijana waliochezwa), wenye sherehe wakikualika unapiga. Yanayofanyika ndani hayapigwi picha, na kuulizia tu ni kukosa adabu. Mapiko nayo, ngoma ya vinyago ya Wamakonde: mwombe anayeongoza ngoma kwanza, usimfuate aliyevaa kinyago ili umpige akiwa anakivua.

Badilisha lenzi ukiwa umegeuzia upepo mgongo, bodi ikitazama chini. Jitahidi uifanye mara moja tu.

Hatua ya 9: Kuvuka maji

Kwenda Msangamkuu kutoka Mtwara, au Kitunda kutoka Lindi mjini, unavuka na baiskeli yako. Kwenye pantoni, baiskeli iegemee, begi livae mbele kifuani kama unavyobeba mtoto. Usiliweke chini kwenye sakafu. Kuna maji ya chumvi na mafuta.

Kwenye mashua ndogo, funga kiota ndani ya nailoni ukiacha hewa ya kutosha, ili kikidondoka kielee. Na ufungue mkanda wa kifuani. Chombo kikipinduka, begi liachane nawe haraka. Kwa wanaokwenda Kilwa Kisiwani kupiga magofu, baiskeli iache Kilwa Masoko kwa mwenyeji wako, na kibali cha kutembelea ukate huko huko kabla ya kupanda mashua.

Hatua ya 10: Ukifika nyumbani

Toa vyote. Vyote. Begi la kamera lililofungwa wiki nzima kwenye joto na unyevu wa pwani ni shamba la kuvu, na kuvu ikishaingia ndani ya kioo huitoi kwa kitambaa.

Piga brashi nje ya bodi na lenzi kabla ya kufungua kifuniko chochote. Pulizia vumbi kwa kile kipira, usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Kung'uta sponji nje, ianike kivulini. Kisha weka vifaa kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika ndani. Zile zenye chembe za rangi hukujulisha zenyewe zikishajaa maji: rangi inabadilika. Zikaushe kwenye bati kuukuu juu ya mkaa unaofifia, dakika ishirini hivi ukizigeuza. Usitumie kikaango cha nyumbani, baadhi ya rangi hizo ni sumu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kufunga baiskeli na kuacha begi kwenye keria "dakika moja tu" ili ununue vocha. Kuweka chupa ya maji ndani ya begi la kamera. Kuning'iniza begi kwenye usukani. Linapiga gurudumu na kuvuruga mwelekeo. Kumpa mtoto wa watu akushikie kamera ukisukuma baiskeli mlimani, kisha kumfokea akiiangusha. Na kuposti picha mtandaoni ukiwa bado hapo hapo ulipo, ukitaja mahali na saa utakayorudi. Salfeti yote uliyoishona inakuwa kazi bure.

Ikitokea tatizo

*Lenzi imejaa ukungu.* Umetoka ukumbi wenye kiyoyozi ukaingia joto la nje. Usiifute, usibadilishe lenzi. Siku nyingine, kabla ya kutoka ukumbini ifunge begini, ukae nayo nje nusu saa zipu ikiwa imefungwa, ipate joto taratibu.

*Kamera imelowa mvua.* Zima, toa betri na kadi, futa, acha milango yake wazi mahali pakavu penye upepo, kesho ndiyo ujaribu. Kuizika kwenye mchele hakusaidii. Unga wa mchele unaingia kwenye matundu. Ikiwa ni maji ya bahari, usiiwashe kabisa, ipeleke kwa fundi.

*Pete ya zumu inakwaruza ikizungushwa.* Ni mchanga. Acha kuizungusha papo hapo. Elekeza lenzi chini, pulizia kwa kipira kwenye mfereji wa pete, pitisha brashi, jaribu kwa upole. Ikiendelea, fundi. Usitie mafuta ya cherehani, nakuomba.

*Kuna kitu kinagonga ndani ya lenzi.* Zingine zina kifaa cha kutuliza picha ambacho hucheza kidogo zikizimwa, na hilo ni kawaida yake. Ndiyo maana uitikise ikiwa mpya uzijue sauti zake. Sauti ikiwa ngeni, usiitumie.

*Mtu anakufuatilia.* Usiongeze mwendo kuelekea porini. Ingia kwenye nyumba ya kwanza yenye watu, kijiwe cha boda, duka, msikiti, uombe maji. Kaa hadi apite na abaki amepita.

*Umeanguka.* Jikague wewe kwanza. Kamera haitoki damu.

*Pancha katikati ya mikorosho na jua linazama.* Usilaze begi mchangani wala usilivae ukiwa umeinama kwenye gurudumu. Litundike kwenye tawi lililo mbele ya macho yako. Lakini kagua tawi lote kwanza kama kuna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma. Mikorosho ya huku wanaipenda sana, majani wanayagundisha na kufanya viota. Mimi siku moja nilitundika bila kuangalia, nikaziba tyubu vizuri, nikavaa begi langu, na kilomita nzima iliyofuata niliiendesha bila shati.